Kisima Kinacholala Mchana

Walisema sitaweza. Nianze na hilo, kwa sababu ninyi vijana mkiniona leo nimekaa barazani na miwani yangu mnadhani nilizaliwa na diploma mkononi. Mjomba wangu alisema sitamaliza darasa la saba, nikamaliza. Bakari mwenye duka alisema sitapata hata nauli ya kufika Dar es Salaam. Nilibangua korosho misimu miwili, nikabeba magunia bandarini Mtwara mwaka mzima, nikilala chumba cha kupanga mtaa wa Chuno na wenzangu wanne, nauli nikaipata na ada nikaipata. Wakasema chuo cha maji kinataka watu wa hesabu, si watu wa madafu. Nikatoka na diploma, na katika somo la pampu hakuna aliyenipita. Cheti kimetundikwa ukumbini kwangu, juu ya televisheni. Mgeni asiyekiulizia, mimi humwuliza kama amekiona.

Lakini neno lililoniuma kuliko yote lilikuja baadaye, nikiwa nimeshaota mvi. Walisema sitaweza kuyarudisha maji matamu ya Mchangani. Na hilo walikuwa na haki ya kulisema, maana aliyeyatia chumvi ni mimi.

Naandika haya kwa ajili ya Zuhura na wenzake wawili, mafundi wapya ambao mwezi uliopita niliwakabidhi funguo za pampu, na kwa kijana yeyote wa pwani yetu anayeota kurudi nyumbani na cheti. Rudini. Ila kwanza nisikilizeni.

Kwa asiyepajua, Mchangani ni kitongoji kidogo mbele ya Msimbati, njia ya kwenda mdomo wa Ruvuma. Ni mchanga, minazi, mikorosho, nyumba zisizofika mia, na shule ya madarasa manne. Gesi inatoka baharini kwetu inakwenda kuwasha taa za watu wa mbali, na sisi tumeshazoea kuyapungia mkono magari yake. Maji, hata hivyo, yalikuwa ya kisima kimoja, chenye kina cha pima mbili, yaani watu wawili warefu wakisimamishwa mmoja juu ya mwenzake. Kilikuwa kinatunzwa na marehemu bibi yangu Somoe.

Bi Somoe alikuwa dada wa mama wa mama yangu. Mama yangu alipofariki nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenichukua. Kisima hakikuwa mali yake, lakini ndiye aliyeamua kamba ibadilishwe lini, nani aanze kuchota kukiwa na msiba, na ndiye aliyekilaza. Ndiyo, kukilaza. Kila siku saa saba mchana alikwenda na fimbo yake, akapindua ndoo mdomoni mwa kisima, akafunga kamba. Hakuna aliyechota mpaka saa kumi. Hata kama mkwe amefika. Hata kama wali unaungua.

"Kimelala," alikuwa akisema. "Na wewe ukilala hupendi kuvutwa mguu."

Nilipomuuliza sababu, alisema mama yake alikilaza na mama wa mama yake alikilaza. Jibu hilo lilinitosha nikiwa na kaptula. Nilipovaa suruali ndefu na kupata diploma, halikunitosha tena.

Sasa niwapeleke Singida kidogo, maana kosa langu lilizaliwa huko. Nilifanya kazi bara miaka kumi na minane, Singida na Dodoma. Huko maji yako chini kweli kweli. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mnyiramba mmoja mkali, mfupi, mwenye sauti ya kuchimba mwamba. Wiki ya kwanza nilidondosha spana yake ndani ya kisima cha mita tisini. Hakunifukuza. Alichukua uzi wa katani, akaniambia nifunge spana mpya kwenye kifundo cha mkono, na nisiifungue mpaka mwaka uishe. Nilikula ugali na spana ikining'inia. Nilikwenda nayo kanisani kwenye harusi ya rafiki, mimi Mwislamu na spana yangu, na bibi harusi akadhani ni zawadi. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kudondosha kifaa ndani ya kisima, na ninyi mmeona jinsi ninavyofunga vyangu mpaka leo. Fungeni vyenu.

Mkubwa huyo alinifundisha maneno mawili ambayo niliyarudia kama uradi: ukikosa, shuka. Maji hayatoshi? Chimba zaidi. Hayana kasi? Chimba zaidi. Kwa Singida ni maneno ya dhahabu. Mimi nikayafunga kwenye begi langu nikarudi nayo Mchangani, kwenye mchanga, hatua mia nne kutoka baharini.

Nilirudi kwa fahari, siwafichi. Ulikuwa umekuja mradi wa maji, nikaomba kazi ya fundi wa kitongoji chetu, nikaipata mbele ya watu kutoka mikoa mingine. Tukaletewa pampu ya sola na tangi. Kisima cha bibi nikakishusha mara nne ya kina chake, nikakijengea pete za zege, nzuri, zimenyooka kama mtutu wa bunduki. Siku ya uzinduzi palipikwa pilau. Nilipima maji kwa kipimo cha chumvi mbele ya wageni. Yalikuwa matamu, nikaandika kwenye ripoti. Kisha nikakirudisha kipimo kwenye sanduku lake, nikaliweka sanduku juu ya kabati. Hapo ndipo pa kuweka alama ya wino mwekundu.

Bibi alikuja saa saba na fimbo yake. Akakuta mfuniko wa chuma na kufuli.

"Mume wangu," akaniambia. Mnaujua utani wa bibi na mjukuu. Kwake mimi nilikuwa mume siku zote. "Kufuli hili la nini?"

"La usalama, bibi."

"Na saa ya kulala?"

"Bibi, hii ni pampu ya jua. Inafanya kazi vizuri zaidi saa saba. Jua likiwa utosini ndipo inavuta."

Akaligonga kufuli kwa fimbo. "Kwa hiyo umenunua mashine inayoamka kisima kinapolala."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa kauli ya kitaalamu kuliko zote nilizosikia katika kazi yangu, na mimi niliichukua kama utani.

Wa kwanza kuona dalili alikuwa Mwalimu Neema. Yeye ni mtu wa Njombe, alipangiwa shule yetu, na hakuwahi kuacha chai ya maziwa ya kwao. Karibu miezi mitatu baada ya uzinduzi alinisimamisha njiani.

"Injinia, chai yangu inakatika. Nikitia maziwa yanajitenga, yanakuwa mabonge."

"Maziwa yamelala hayo, mwalimu."

"Nimekamua mwenyewe asubuhi hii."

Nikamwambia abadilishe sufuria. Wiki iliyofuata wanawake wakasema choroko haziivi. Unamaliza kuni, zimebaki kama changarawe. Kisha sabuni ikagoma kutoa povu. Hizo ndizo dalili zenyewe, wanangu, nazo zinakuja kabla ulimi wa kawaida haujaona kitu: maziwa, choroko, sabuni. Mkisikia mama analalamikia choroko zake, msimfundishe kupika. Nendeni mkapime kisima.

Mimi sikwenda. Bibi akaja mwenyewe mpaka barazani, akiwa na kata ya maji.

"Onja."

Nikaonja kidogo, harakaharaka. "Mazuri, bibi."

"Yamechoka haya. Yana kitu nyuma yake."

"Bibi, nilipima siku ya uzinduzi. Ripoti inasema maji ni matamu."

"Basi mpe Mwalimu Neema hiyo ripoti achemshie chai."

Akayamwaga maji miguuni pangu akaondoka. Usiku nilikishusha kipimo kutoka juu ya kabati. Betri zilikuwa zimetoa kutu. Asubuhi nikatia mpya, nikapima, nikapima tena, nikakaa chini palepale kwenye zege langu lililonyooka.

Nawaeleza kilichotokea, kwa maneno ambayo sikufundishwa chuoni vizuri, au nilifundishwa nikawa naangalia dirishani. Chini ya mchanga wetu, maji ya mvua hayajachanganyika na ya bahari. Yamelala juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota taratibu kwa juu unapata matamu. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, ya chini yanapanda kufuata mdomo wa pampu. Mimi niliusogeza mdomo karibu na chumvi, kisha nikauvutisha kutwa nzima, hasa zile saa tatu ambazo mababu walikiacha kisima kipumzike ili matamu yatandae tena. Na maji ya chumvi yakishapanda hayashuki kwa kuombwa.

Nilizima pampu siku hiyo. Ndani ya siku chache kitongoji kilibaki na vile vishimo vya uani. Nyumba kumi na moja zilikuwa navyo, nyuma ya majiko, vifupi, vya kuchotea kwa kata. Kishimo kimoja hutoa ndoo mbili tatu asubuhi, kisha ungoje. Havikuwa na pampu, ndiyo maana vilibaki vitamu. Nyumba nyingine zote, pamoja na shule, zikawa zinaishi kwa kuazima.

Hapa niwaeleze kuhusu mafundo, maana wengi wenu mmekuta bomba. Kwetu maji hayauzwi jirani kwa jirani, yanaazimwa. Ukichukua ndoo kwa mwenzako, unafunga fundo moja kwenye utepe wa ukindu, ule wa kusukia mikeka, unaotundikwa kwenye nguzo ya jiko lake. Ukirudisha ndoo ya maji, unafungua fundo. Hairudishwi sukari, hairudishwi samaki. Maji kwa maji, na anayefungua ni yule yule ambaye fundo limefungwa kwa jina lake.

Mkutano uliitishwa darasa la tatu, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wetu Hamza akafungua. Hakuhitaji kueleza habari. Ilikuwa ndimini mwao. Mzee mmoja alikuwa ameshaezua mabati yake akayapeleka kwa mkwewe Msimbati. Wa pili alikuwa anang'oa milango. Mwalimu Neema akasema watoto wanakuja na kiu na uji wa shule haunyweki. Mwezi ukipita hivi, atawaambia wakubwa wake shule ifungwe. Kitongoji kilikuwa kinahama bati kwa bati, na mimi nikiwa nimekaa kwenye dawati la mbele.

Bakari mwenye duka akasimama. "Mimi namshukuru injinia," akasema. "Zamani tulikuwa tunakwenda baharini. Sasa ametuletea bahari jikoni. Kesho nafunga ndoana kwenye bomba."

Darasa likaangua kicheko. Hata Hamza alificha uso kwenye daftari.

"Na diploma yake?" akauliza mtu nyuma.

"Itieni kwenye choroko zichemke," akasema Bakari.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyaandika: ukame, bahari, mabadiliko ya hali ya hewa. Nikainuka na karatasi yangu, nikamwona bibi. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, miguu ameinyoosha, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi na shati lililochanika, akingoja nitadanganya nini.

Karatasi nikaikunja. "Nimekosea mimi," nikasema. "Si jua, si bahari. Bibi alinionya nikamcheka. Nitayarudisha. Na mpaka nitakapoyarudisha, kila ndoo inayoazimwa Mchangani, fundo lifungwe kwa jina langu."

Kicheko kikakatika.

"Zote?" akauliza Hamza.

"Zote."

"Hawezi," akasema Bakari, lakini kwa sauti ndogo.

Bibi alikuwa anajitahidi kuinuka. Nikaenda kumpa mkono. Akaninong'oneza, "Mjinga wewe. Wajua shule inakunywa ndoo ngapi?"

Nilikuwa sijui. Nilijifunza.

Kazi ya kutengeneza niwaeleze vizuri, kwa sababu ndiyo kazi bora niliyofanya maishani, na sijali nikionekana najisifu. Kwanza nilikiziba kile kina nilichokiongeza. Tulileta udongo mzito wa bondeni upande wa Ruvuma, tukaujaza chini tukiushindilia kwa gogo, tabaka kwa tabaka, kisha zege juu yake. Niliuzika mtutu wangu mwenyewe. Kisha nikaachana na kuchimba chini, nikachimba kando. Mtaro mrefu, wa kina cha maji tu na si zaidi, na ndani yake bomba lililolala, lenye matundu, linaloleta maji kisimani polepole kutoka mchanga mpana, kama mtu anayekusanya umande. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kitongoji, ulitoka kila Jumamosi, na wengine walikuja kuchimba ili wapate nafasi ya kunitania.

Mtaro wa namna hiyo lazima ulale sawasawa. Ukiinama upande mmoja, upande huo utavuta chumvi. Nilitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani: weka ncha moja huku, nyingine kule, maji yakisimama usawa mmoja uko sawa. Chombo rahisi, betri hakina, na hakijawahi kunidanganya. Zuhura, ule mpira uko nyuma ya mlango wa stoo. Usiutupe kwa sababu ni mzee.

Mchanga ulituletea shida. Ni laini mno, unaingia kwenye matundu ya bomba. Kitambaa cha kuchujia kilitakiwa kutoka Dar es Salaam na hakikuja. Nikawa nimekaa ukingoni nimeshika kichwa, bibi akaja na furushi la kilifu, ule wavu wa rangi ya kahawia unaozaliwa na mnazi wenyewe chini ya makuti.

"Tui unachujia nini?" akaniuliza.

"Kifumbu."

"Kabla sijapata kifumbu nilichujia hiki. Mchanga si mkali kuliko machicha."

Tulizungushia bomba zima kilifu, tabaka tatu, tukafunika kwa kokoto. Nimekwisha kulifukua mara mbili tangu wakati ule kubadilisha kilifu, na kila mara bomba ni safi ndani.

Msidhani bibi alikuwa sahihi kwa kila kitu. Mimi ni mtu wa haki na lazima nami nijipe yangu. Hakutaka kabisa kisima kifunikwe. Alisema lazima kione mbingu, kipumue. Nami nilijua matumbo ya watoto wa Mchangani yaliharibika kila msimu wa mvua kwa ajili ya hicho kisima kuona mbingu. Tuligombana wiki nzima. Alinikatalia chakula, nikala kwa Mwalimu Neema. Ilipokuja mvua ya kwanza, bibi alichota ndoo kwenye kile kishimo chake kisicho na mfuniko, akakuta chura anaogelea amenenepa, anamtazama bila aibu. Jioni alituma mtu aje kuniambia wali upo, na nipite na mbao za kufunikia.

Mvua zile zilikuwa nzuri. Tukawa tunangoja mchanga unywe. Kila asubuhi nilipima kwa kipimo na kuandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba ya pampu, na mpaka leo lazima iandikwe pale, hadharani, ambapo mama yeyote mwenye choroko anaweza kuisoma. Kila Ijumaa bibi alikuja kuonja kabla hajala chochote.

"Bado."

Ijumaa ya pili: "Bado."

Ijumaa ya tano: "Bado kidogo."

Kipimo kilisema ndiyo wiki mbili kabla yake. Nilimwonyesha namba. "Kipimo chako hakina haraka wala hakina kiu," akasema. "Mimi nina vyote viwili, na nasema bado."

Nikangoja. Nilikuwa nimejifunza kungoja ulimi huo. Ijumaa ya saba alionja, akafumba macho, akameza. Akaonja tena. Kisha akaichukua ndoo akaipindua juu ya mfuniko wangu wa chuma, ingawa ilikuwa asubuhi na hapakuwa na haja, akasema, "Anza kurudisha."

Mafundo ya jina langu yalikuwa elfu moja mia tatu na kumi na mbili, kwenye nguzo za majiko kumi na moja. Nilikuwa karibu na miaka hamsini. Nilikata mti, nikatengeneza mzega, nikatundika ndoo mbili, moja mbele na moja nyuma, nikaanza. Vijana wa pikipiki walijitolea kunibebea. Hamza alisema itoshe nipeleke bomba mpaka uani kwa kila mmoja. Nilikataa. Nilisema kwa kinywa changu kwamba ni jina langu, na mafundo yanafunguliwa na mwenye jina.

Ilinichukua wiki tano, asubuhi tu, kabla ya kisima kulala, maana pampu niliyoiwasha tena nilikuwa naizima kwa funguo kila saa saba. Bega lilichubuka, likapona, likawa gumu. Kila jiko lilikuwa na namna yake. Kwingine walinikaribisha chai. Kwingine watoto walihesabu mafundo kwa sauti kama wimbo wa shule. Mzee wa mabati alikuwa amerudi, anagongelea bati lake la mwisho. Akashuka ngazi ili anione tu nikipita, kisha akapanda tena.

Bakari naye alikuwa na kishimo. Hakuwahi kuinyima nyumba yoyote ndoo muda wote ule, hilo lazima niliseme. Nilipomwagia ndoo yake ya mwisho kwenye mtungi, alichota kikombe, akanywa chote, akapangusa ndevu.

"Hayana ladha," akasema.

"Ndivyo maji yanavyotakiwa, Bakari."

"Nilikuwa nimeshazoea. Sasa mchuzi itabidi ninunue chumvi." Akafungua friji, akanipa soda, akageuka upande mwingine haraka, akijifanya anapanga sabuni. "Nilisema huwezi," akasema akiwa amenipa mgongo.

"Ulisema."

"Haya. Kunywa soda yako."

Mwalimu Neema hakuwa mkopeshaji, shule haikuwa na kishimo, lakini nilipita kwake. Alinipa chai ya maziwa. Tuliitazama wote wawili ndani ya kikombe, kama watu wanaotazama mtoto mchanga anapumua. Haikukatika.

Jiko la bibi nililiweka la mwisho. Utepe wake ulikuwa mrefu kuliko wote, maana shule ilikuwa ikiazima kwake. Nilidhani atanisamehe machache. Hakunisamehe hata moja. Siku tisa nilikwenda na kurudi, naye amekaa kwenye jamvi akisuka mkeka, akiinua macho kila nifikapo kuhakikisha ndoo zimejaa mpaka shingoni.

Siku ya tisa lilibaki fundo moja. Nilimwagia maji kwenye mtungi. Bibi akachukua kata, akachota, akayaweka mdomoni, akayaacha humo. Nilisimama mbele yake na diploma yangu yote, na kazi za mikoa miwili, nikingoja. Akameza. Akachota tena, akanywa nusu, na nusu akanipa mimi. Nikanywa. Yalikuwa yale yale niliyokuwa nikinywa nikiwa na kaptula, baada ya kucheza, kwenye kata ile ile.

"Fungua," akasema.

Fundo lilikuwa limekauka, likanitoa jasho, nikalifungua kwa meno. Nikampa ule utepe. Akaulainisha kwa vidole, mkunjo mmoja mmoja, mpaka ukanyooka, kisha akauingiza kwenye mkeka aliokuwa anausuka, akaendelea na msuko kama vile hakuna lililotokea.

Sikuondoka. Nilitaka aseme neno. Nilitaka, niwe mkweli, anisifu.

Akanitazama juu. "Saa ngapi, mume wangu?"

Nikaangalia saa. "Saa saba kasoro dakika moja."

"Na funguo za pampu anazo nani?"

Zilikuwa mfukoni mwangu. Na kule kisimani jua lilikuwa utosini, na pampu inavuta kwa nguvu zake zote.

Nilitoka mbio, mtu mzima mwenye mvi, ndoo tupu zinagongana kwenye mzega, watoto wa shule wakinishangilia njia nzima, na nyuma yangu, mpaka nilipokata kona ya mikorosho, nilimsikia bibi yangu akicheka.